Kanda ya Kinshasa

Lori la mafuta likifika Karatu, hakuna aliyebaki nyumbani. Miaka ile mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa juzijuzi tu na kila kitu kilikuwa cha kupigania. Lori lilikuja lilipojisikia, na likija mji mzima ulihamia kituoni: Landrova za watalii wanaopanda Ngorongoro, matrekta ya wenye ngano, pikipiki ya katekista wa Rhotia, na akina mama na vidumu vyao vya mafuta ya taa, wakisukumana kwa viwiko huku wakiulizana habari za nyumbani. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Evarista, mpira wa pampu mkononi, ovaroli ya bluu iliyomzidi kimo ameikunja miguuni, kitambaa chekundu kichwani, na masikioni hereni za plastiki ambazo mwenye kituo alisema iko siku zitamwangusha kwa uzito.

Dirishani pa ofisi, redio kaseti yake ilikuwa ikiimba "Nipungie Leso".

Hapo ndipo watu walipomchoka. Wimbo huo ulikuwa wa bendi ya Kivulini Sound ya Nairobi. Uliingia nchini kabla mpaka haujafungwa, ukachezwa kwenye kila harusi kuanzia Mbulu hadi Moshi, kisha ukafa kifo cha kawaida. Mtu mwenye akili zake alikuwa ameacha kuusikiliza tangu suruali za bugaluu zilipogeuzwa matambara ya kudekia. Vijana walitaka magitaa ya Zaire na disko la Ulaya. Evarista alitaka "Nipungie Leso", basi. Aliupenda kama wengine wanavyopenda ukoko wa wali. Tena hakuridhika nao ulivyo. Dereva mmoja alikuwa amemwambia kwamba bendi ile, kabla ya kusambaratika, iliurudia na kuuchanganya upya mara nyingi, remiksi juu ya remiksi, na kwamba sahani zake za santuri zimezagaa kusikojulikana. Tangu siku hiyo hakuna dereva aliyetia mafuta Karatu bila kuulizwa.

"Kaka, huko utokako hujaona remiksi ya 'Nipungie Leso'?"

"Dada, maiti hiyo bado hamjaizika?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Evarista akafunga tangi la mtu huyo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akageukia gari la pili.

Dereva wa gari la pili hakucheka. Alikuwa kijana mrefu, koti la jinzi, shati jeupe lililopigwa pasi kana kwamba vumbi la Karatu halimhusu, na ndewe za masikio yake ndefu za Kimasai amezikunja juu ya ukingo wa sikio, kama walivyofanya wenzake wengi wakiwa kazini.

"Unazo zipi?" aliuliza.

Evarista alimtazama. Watu walikuwa wamemcheka, wamemhurumia, wamemshauri aolewe. Hakuna aliyewahi kumwuliza anazo zipi.

"Ninayo ya sahani ndogo," alisema polepole. "Ninayo ndefu, yenye gitaa mwishoni. Na ile isiyo na sauti ya mwimbaji."

"Ya tarumbeta huna?"

Mafuta yakamwagika. Yakafurika mdomoni mwa tangi, yakateremka ubavuni mwa gari, yakamlowesha dereva suruali kuanzia gotini.

"Kuna ya tarumbeta?"

"Dada, unaniogesha!"

"Jibu kwanza!"

"Ipo Arusha. Nikirudi nitakuletea. Naitwa Sakaya, kwetu Endulen."

"Mimi Evarista. Na ukinidanganya, siku nyingine utalisukuma gari hilo mpaka kreta."

"Nitalisukuma nikiimba," alisema Sakaya, akaondoka akinuka petroli na kutabasamu.

Alirudi na ya tarumbeta. Kanda yenyewe ilikuwa na mikwaruzo, lakini tarumbeta ilikuwamo, ikichomoza kati ya ubeti na ubeti kwa madaha. Baadaye akaleta ya polepole, ambayo mwimbaji aliimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akaleta nyingine ambayo kiitikio kilirudiwa mpaka Evarista akaishiwa pumzi kwa kuitikia. Kila kanda ilikuja na hadithi yake: hii aliipata kwa Msomali wa Namanga, ile kwa mwanamuziki mstaafu anayefuga kuku Tengeru. Evarista alisikiliza hadithi hizo amekaa juu ya boneti, miguu ikining'inia, na bila yeye kujua ni lini hasa, akaanza kumngoja msimuliaji kuliko kanda.

Sakaya alipokuwa juu kwenye loji na watalii aliokuwa akiwaendesha, alipiga simu kituoni. Simu za Karatu zote zilipitia posta, mikononi mwa Germana, na Germana hakuwa mtu wa kuunganisha laini kisha akaondoka.

"Evarista wangu."

"Wako tangu lini?"

"Tangu uliponimwagia petroli. Mpaka leo nikikaa karibu na moto, wageni wangu wanaanza kusali."

"Umepata nini safari hii?"

"Ndiyo salamu hiyo? Mtu yuko ukingoni mwa kreta, baridi inamtafuna masikio, na masikio yenyewe unayajua yalivyo marefu, unamwuliza amepata nini?"

"Pole na baridi, mpenzi. Umepata nini?"

"Nimepata ya Kinshasa."

Hata Germana alisikika akivuta pumzi.

"Kuna ya Kinshasa?"

"Wanawake wanaitikia, Evarista. Kwaya nzima. Utalia."

"Kweli, Sakaya?"

"Kweli, mpenzi wangu."

"Muda wenu umekwisha," alisema Germana. "Lakini wewe kaka, ukishuka upitie posta na mimi niisikie."

Ni kweli alilia. Mle ndani ya kanda kulikuwa na wimbo wake uleule, lakini kila mwimbaji alipoomba apungiwe leso, sauti za wanawake zilimjibu kutoka mbali, zikipanda na kushuka, na kitu kama ngoma kikidunda chini yake. Kiswahili chao kilikuwa na lafudhi ya ajabu. "Wazaire hao," alieleza Sakaya, "Kiswahili kinawapa taabu." Evarista alihisi kama lafudhi ile amewahi kuisikia mahali fulani, lakini hisia hiyo aliisukuma pembeni haraka. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haendi kuitafutia dosari.

Jumapili iliyofuata waliipeleka kwenye disko la mchana, ukumbi wa kijiji. Evarista alivaa gauni la njano la mabega ya puto na viatu vyeupe ambavyo alivibeba mkononi mpaka mlangoni. Mwenye disko alikuwa Bartolomeo, mtu wa makamo, mpole, ambaye alizunguka na jenereta na maspika yake kutoka Mbulu hadi Mto wa Mbu na kuishi kwa viingilio vya vijana. Aliombwa sana hata akakubali.

"Ndugu zangu," alisema kwenye kipaza sauti, "nimebembelezwa niwapigie wimbo wa marehemu. Vumilieni."

Watu wakacheka. Lakini zile sauti za wanawake zilipoingia, kicheko kikapungua, na wachache wakaanza kutikisa mabega. Evarista alisimama katikati ya ukumbi akiwaka. Ungedhani ni yeye aliyeutunga.

Wimbo ulipokwisha Bartolomeo alikuwa amekunja uso, si kwa ubaya, kwa kushindwa kujizuia.

"Dada, nani amekwambia hii ni ya Kinshasa? Hii imerekodiwa uani kwa mtu. Amecheza kanda, akaweka mashine nyingine mbele yake, akaimbisha watu pembeni. Kila kiitikio kikianza, kitufe kinasikika kikibonyezwa. Na hawa si Wazaire."

Ukumbi ukapiga mluzi. Evarista akapanda jukwaani, viatu vyake vyeupe vikigonga mbao.

"Sakaya! Waambie ulikoitoa."

Sakaya alikuwa chini na chupa ya soda mkononi. Watu wakampisha ili aonekane.

"Niliinunua Arusha," alisema, "kwa Mzaire mmoja, mpiga gitaa. Sahani yenyewe niliiona kwa macho yangu."

"Kweli?" Evarista akamwuliza, akanyamaza, akamngoja. Alitaka ukumbi mzima usikie.

Sakaya akamtazama machoni. "Kweli tupu."

"Umesikia?" Evarista akamgeukia Bartolomeo, na kwa kuwa alikuwa na haki, au alidhani anayo, hakubakiza kitu. "Wewe shida yako wivu! Unaumia msichana wa pampu kuwa na muziki usio nao! Watu wanakulipa kiingilio na hujui hata unachokipiga!"

Wasichana wakashangilia. Mtu mmoja nyuma akaanza kuimba "Hajui! Hajui!" na wengine wakadaka. Bartolomeo aliuzungusha waya wa kipaza sauti mkononi mwake, akasema, "Basi, yaishe," akaweka wimbo mwingine. Jina lile la Hajui likamng'ang'ania. Alipita nalo sokoni, na vijana wengine wakaacha kuingia kwenye disko lake, wakisema mzee amepitwa.

Siku ileile, wakitembea kurudi, Sakaya alimwambia kwamba mahindi yakishavunwa atawaleta wazee wake Rhotia, kwao Evarista, waje kuzungumza habari za posa.

Baba yake Evarista, Mzee Wilibrodi, aliipokea habari hiyo akinoa jembe.

"Mmasai," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Dasi, binti yangu, babu yangu alichimba nyumba ndani ya ardhi. Akaiezeka kwa udongo na majani, ili hao wakija kuchukua ng'ombe wapite juu yake wasiione. Wewe unataka kuwafungulia mlango."

"Zama hizo zimepita. Huyu anaendesha watalii. Anasali kanisa lilelile tunalosali sisi."

"Ng'ombe nikitaka kumnunua namfungua mdomo, naona meno. Huyu nitamjuaje?"

"Mimi namjua. Hajawahi kunidanganya hata mara moja."

Mzee akaacha kunoa. "Hata mara moja? Mwanamume?"

"Hata mara moja."

"Unaweka jina lako juu yake, mbele ya ukoo?"

"Naliweka."

Alimtazama binti yake muda mrefu. Hakuwa amefurahi, lakini alikuwa anamwamini huyu kuliko watoto wake wote. "Basi waje," alisema.

Kabla ya mavuno, dada yake Evarista, Antonia, alijifungua katika hospitali ya misheni ya Endulen, ambako mumewe alikuwa anafanya kazi. Evarista alipata nafasi kwenye lori la unga, akapanda nalo msitu wenye ukungu, akaizunguka kreta, akateremka upande wa pili kwenye upepo na ng'ombe. Alimbeba mtoto, akamsifia pua, akanywa uji wa mzazi kwa niaba ya wasiokuwepo. Kisha akafikiri: nimefika mpaka huku, nitaondokaje bila kumwona mama yake Sakaya? Sakaya mwenyewe alikuwa Serengeti na wageni. Akanunua sukari na majani ya chai, akauliza njia.

Boma halikuwa mbali. Mama mtu mzima, kichwa kimenyolewa, shanga zimemzunguka shingo, alisimama mlangoni.

"Takwenya," alimsalimu.

"Iko," Evarista aliitikia, akainamisha kichwa.

Kabla hajajieleza, msichana mwenye sare ya kwaya ya misheni alitoka nyumba ya pili, akamtazama zile hereni, akapiga kelele.

"Mama! Ndiye huyu! Wifi wa wimbo!"

"Wimbo gani?" Evarista alicheka.

"Aa, wifi, usijifanye! Mimi Seenoi. Wa leso! Tumeimba mpaka koo zikakauka. Sakaya alitupanga hapa, redio moja huku, nyingine kule, yeye anabonyeza. 'Rudieni, mbuzi amelia.' 'Rudieni, mama amekohoa.' Mchana kutwa! Akasema ni zawadi ya mchumba wake. Niambie, ulifurahi?"

Mama hakujua Kiswahili kingi, lakini neno leso alilijua. Akapiga makofi, akaanza. Wanawake wengine wakatoka majumbani, Seenoi akachukua debe tupu na kulipiga kwa viganja, na pale uani, katikati ya mbuzi na moshi, Kinshasa ikaimba. Sauti ilikuwa ileile, lafudhi ileile. Hata yule ambaye kwenye kanda aliingia kabla ya wenzake katika mstari wa pili alikuwapo, na alikuwa ni mama mwenyewe.

Evarista alisimama akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Angeweza kuwachukia wangekuwa wamemcheka. Hawakumcheka. Walimwimbia kwa moyo wote, wakidhani anajua, na katika boma lile lote mjinga alikuwa mmoja tu. Alimkumbuka Bartolomeo akizungusha waya mkononi.

"Nilifurahi sana," alisema. "Na ya tarumbeta, Seenoi? Nani alipiga?"

"Kisioki, rafiki yake. Alisoma shule yenye bendi."

"Na ile ya polepole?"

Seenoi akacheka hadi akaliachia debe. "Betri zilikuwa zinakufa!"

Alikunywa chai yao yote, akawaaga kwa adabu mmoja mmoja. Kwenye lori la kurudi alijifunika kanga usoni akasema ni kwa ajili ya vumbi.

Simu ya Sakaya iliingia baada ya siku chache, Germana akiunganisha kwa bashasha zake.

"Evarista wangu. Serengeti yote imekusalimu, simba na fisi."

"Sakaya, nikuulize kitu. Yule anayeingia mapema kwenye mstari wa pili, ni Seenoi au ni mama?"

Upande wa posta, kiti kikalia.

"Nani amekwambia?"

"Mama yako ameniimbia. Jibu."

"Mama," alisema Sakaya kwa sauti ndogo. "Evarista, nisikilize. Siku ile ya kwanza uliniangalia. Wote walikuwa wanakucheka, na mimi ukaniangalia. Nikasema tarumbeta ili uendelee kuniangalia. Basi. Nilijua nitaitafuta kweli, na nikaitafuta. Arusha yote, mpaka Nairobi. Nilimpata mpiga besi wao. Akaniambia hakuna. Ni hizo ulizokuwa nazo tu, nyingine ni maneno ya madereva."

"Ulimpata lini huyo mpiga besi?"

"Kabla sijakuletea ya kwanza."

"Kwa hiyo ulijua. Muda wote huu nimesimama pale pampuni nawauliza watu, wananicheka, nawauliza kitu ambacho wewe unajua hakipo. Ungeniambia hakuna, ningelia siku moja, kisha ningekupenda vilevile."

"Nilifanya kwa mapenzi. Unadhani ni kazi ndogo kuwakusanya..."

"Na ukumbini? Nilikuuliza mbele ya watu."

"Niliogopa utaaibika."

"Niaibike mimi, au wewe?"

Evarista aliuegemea ukuta wa ofisi wenye picha ya kalenda.

"Niambie nifanye nini," Sakaya alisema hatimaye. "Chochote. Nisikukose."

"Pale uliposema uongo, nenda ukaseme kweli. Palepale, watu walewale. Ukishasema, nitakuwa nimekusikia."

"Muda wenu umekwisha," alisema Germana, na safari hii hakuongeza neno.

Ukweli ni kwamba Evarista alikwenda ukumbini Jumapili iliyofuata akiwa ameshamsamehe. Alikuwa amelinyoosha gauni la njano kwa pasi ya mkaa, ameoga kwa sabuni ya kunukia aliyokuwa ameificha kwa ajili ya siku ya kuja kwa wazee. Alitaka kusikia maneno hayo tu, yakitoka mdomoni mwa yule aliyepaswa kuyasema, kisha maisha yaendelee. Mtu anayempenda mtu hatafuti sababu ya kumwacha, anatafuta upenyo wa kurudi.

Sakaya alipanda jukwaani na shati lake jeupe, akachukua kipaza sauti kwa Bartolomeo.

"Ndugu zangu, mimi ni mwongo," alianza. "Ile kanda haikutoka Kinshasa. Ilitoka Endulen. Waimbaji ni mama yangu, dada zangu na debe la mafuta ya taa."

Kicheko kililipuka. Sakaya alingoja kipungue. Alikuwa msimuliaji, alijua kungoja. Akawaeleza mbuzi aliyelia, mama aliyekohoa, betri zilizokufa, Kisioki aliyepiga tarumbeta amejifungia chumbani majirani wakidhani kuna msiba. Watu walishika mbavu. Wasichana walianza kushikana mikono. "Jamani, mapenzi hayo!" mmoja alisema. "Wangu hajawahi kuniletea hata pipi." Evarista alijikuta anacheka na yeye, machozi yakimlengalenga, na akaanza kusogea mbele.

"Na siku ile hapa," Sakaya aliendelea, akimtazama kwa upendo mkubwa, "nilitaka kusema kweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini mnamjua Evarista kwa hasira, alinikatiza, akamrukia mzee wetu Bartolomeo, nami nikameza maneno na soda yangu!"

Watu wakalia kwa kicheko. Evarista akasimama alipokuwa.

"Piga tena! Piga Endulen!" watu walipiga kelele. Mtu mmoja akaibonyeza mashine, sauti za wanawake zikajaa ukumbini, na wale waliouita wimbo ule maiti wakauchezea mpaka vumbi likapanda kwenye madirisha. Walimbeba Sakaya mabegani. Waliompita Evarista walimgonga bega kwa utani, "Mama Kinshasa! Hukujua kabisa?" Bartolomeo alikuwa pembeni anaangalia jenereta lake, hakuna aliyemsemesha.

Wimbo ulipokwisha, Sakaya alikipokea tena kipaza sauti. Alikuwa anahema, uso unang'aa.

"Evarista, mbele ya hawa wote. Wazee wangu waje?"

"Sema ndiyo! Sema ndiyo!"

Evarista alipanda jukwaani. Alikiziba kipaza sauti kwa kiganja, akasimama karibu naye, karibu kiasi cha kusikia harufu ya pasi kwenye shati lake.

"Sikukukatiza, Sakaya."

"Nini?"

"Siku ile. Nilikuuliza, nikanyamaza, nikakungoja. Ukaniangalia machoni, ukasema kweli tupu. Sikukukatiza."

"Mpenzi wangu, ni maneno tu. Ya kuchangamsha watu." Alikuwa bado anatabasamu. Hakuona. Angeona angalau, pengine mambo yangekuwa mengine.

"Najua," alisema Evarista. "Unajua kuchangamsha."

Akaondoa kiganja.

"Bartolomeo, uliniambia kweli hapa, nikakutukana. Wewe unakijua unachokipiga. Aliyekuwa hajui ni mimi. Nakuomba radhi mbele ya watu wote waliosikia nikikutukana."

Bartolomeo aliinua macho kutoka kwenye jenereta, akatikisa kichwa kukubali.

"Na wazee wa Endulen," alisema, akimgeukia Sakaya, "wazee wa Endulen wasije."

Sakaya alimshika mkono, akauachia mwenyewe alipouona uso wake. Evarista akashuka, wakampisha, hakuna aliyemwita Mama Kinshasa tena.

Alitembea mpaka Rhotia. Mzee Wilibrodi alikuwa uani juu ya kigoda, anapukuchua mahindi ya mwanzo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, punje zikidondoka kwenye ungo.

"Kwa ajili ya wimbo?" aliuliza. "Mtu amemkusanya mama yake, dada zake, wakuimbie wewe. Wewe, mtoto wa Wilibrodi. Na umemkataa kwa ajili ya wimbo?"

Hilo Evarista hakulitegemea, si kutoka kwa baba huyu. Akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la njano, akalia kwa sauti, kama alivyokuwa hajalia tangu utotoni.

"Bado nampenda, Baba. Sana. Ndiyo maana nimekataa leo. Wangefika hapa, wakakaa, nikamwona anacheka nao, nisingeweza tena kukataa."

Mzee alishika hindi mkononi bila kulipukuchua. Akasogeza ungo katikati yao, akampa hindi lile.

Walipukuchua mpaka jua likazama.